Hata Tundu la Kidole

Nchelenge, 8 Machi 1998

Kwa Yaya Agnès,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ng'ambo ya ziwa. Sisi tuko wazima, isipokuwa sikio langu la kushoto, ambalo injini za boti zimelimaliza kabisa, na la kulia nalo limeanza kumfuata mwenzake. Natumaini nawe u mzima na kifua hakikusumbui kama zamani. Mvua mwaka huu imetuonea. Ziwa limepanda mpaka kwenye vichanja vya kukaushia samaki, ila nyumba yangu iko juu kidogo, hatujalowa.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Tangu matanga ya mke wangu Emilienne hatujaandikiana hata mstari mmoja. Siku ile wewe, dada yake mkubwa, uliniambia mbele ya watu kwamba nilimvusha ziwa mdogo wako na mimba yake ili nije kumzika kwa wageni. Sikujibu siku ile na sitajibu leo. Naandika kwa ajili ya Jessica.

Mtoto huyo Septemba anatimiza miaka kumi na tisa. Ni mrefu, mbishi, anaimba kwaya ya kanisa, na mwezi uliopita mama mmoja mzee alimshika mkono mlangoni akamwambia, "We unaimba sawa mama yako." Alirudi nyumbani hakula. Jioni akaniuliza, "Papa, sauti ya mama ilikuwaka namna gani?"

Yaya, nilijaribu kuikumbuka. Uso wa Emilienne ninao. Mikono yake ninayo, na ule mwendo wake wa haraka kana kwamba kuna chungu kinaungua mahali. Sauti sina. Imenitoka, na sikujua imenitoka lini.

Nakumbuka kwamba mwaka ule wa 1979, kabla hatujavuka, aliimba peke yake pale kwenye nyumba ya redio ulikokuwa ukifanya kazi, na wewe ndiye uliyemrekodi. Nakujua, hukuutupa utepe ule. Nimenunua manyeto, ile mashine ya kuzungusha tepe kubwa, kwa padri mmoja aliyerudi kwao. Inafanya kazi. Naomba utuazime utepe, mtoto amsikie mama yake mara moja, na mimi nisikie kabla sikio hili la pili halijaniaga.

Barua anaileta Carlos, dereva wa lori la samaki. Mwaminifu, ila mpe chakula kwanza ndipo akumbuke maagizo.

Shemeji yako,
Kabamba

*

Lubumbashi, 2 Aprili 1998

Bwana Kabamba,

Salamu. Mimi nipo. Kifua ni kilekile, asante kwa kuuliza baada ya miaka kumi na minane. Barua yako ilikuwa inanuka samaki mpaka nikaianika uani siku mbili ndipo nikaisoma. Jessica mpe salamu zake kando, si pamoja na zako.

Utepe upo. Uko chini ya kitanda changu ndani ya kopo la biskuti. Mimi mwenyewe sijausikia tangu 1991, wakati wa uporaji, mashine za studio zilipobebwa vichwani mchana kweupe. Nikiufungua unaacha unga wa rangi ya kahawia vidoleni. Maana yake unakufa. Utazunguka mara moja, labda mara mbili, halafu basi.

Kwa hiyo sikiliza vizuri, na hilo sikio moja. Siku utakapouzungusha, lazima sauti ikamatwe kwenye kaseti papo hapo, kwa maikrofoni iliyowekwa mbele ya spika. Na maikrofoni haina adabu. Inachukua kila kitu: mvua kwenye bati, mashine ya kusaga unga, wale walevi wa jirani yako. Kikiingia kimeingia, hakitatoka. Mdogo wangu hataimba na mashine ya kusaga nyuma yake.

Ukitaka utepe, jenga chumba. Nilikaa miaka ishirini na miwili ndani ya chumba cha namna hiyo, nakifahamu kama jiko langu. Jenga ukuta mara mbili, na katikati uache nafasi ya kiganja, uijaze unga wa mbao. Ndani pigilia mikeka ya matete na magodoro ya zamani. Weka milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine, ya mbao nzito, na pembeni zote ushone mpira wa ndani wa gurudumu la lori, ili mlango ukifungwa ukae kabisa. Dirisha usiweke. Sauti inatafuta nafasi, na ikipata hata tundu la kidole umejenga bure.

Ukimaliza niandikie. Usipojenga, utepe unabaki hapa na mimi.

Yaya wa marehemu,
Agnès

*

Nchelenge, 3 Mei 1998

Kwa Yaya Agnès,

Salamu nyingi sana. Sisi hatujambo, Jessica hajambo, anakusalimu kando kama ulivyotaka. Amesema nikuandikie kwamba ameipenda barua yako, hasa pale uliponigombeza. Kifua kinasemaje? Nakutumia samaki wa kukausha, safari hii nimewafunga mbali na barua.

Chumba kimeanza, na mahali nilipokiweka utacheka. Nyumba ninayokaa ilikuwa ya Mgiriki mmoja aliyenunua samaki hapa zamani. Chini ya sebule kuna kave, chumba cha chini ya ardhi, ngazi kumi na moja. Alikuwa akiweka chumvi ya samaki humo, magunia mpaka darini. Sisi tulikuwa tunatupa nyavu mbovu. Nikajiambia, ardhi tayari imenijengea ukuta wa kwanza, niongeze wa pili.

Mwashi ni Mwewa, mtu wa Kabuta, Mbemba wa kweli, anajua Kiswahili cha sokoni tu lakini mikono yake inajua kazi. Ukuta wa ndani umesimama. Unga wa mbao tumeushindilia. Mlango wa kwanza umekaa, wanaume wawili waliubeba kutoka juu. Jessica alitaka kupigilia vikasha vya mayai, amesikia mahali kwamba vinazuia kelele. Nimemwambia nitakuuliza.

Wiki iliyopita tulijaribu. Jessica aliingia na sufuria na mwiko, tukafunga. Alipiga, alipiga kelele, aliimba, aliniita majina ambayo mtoto hamwiti baba yake, hayo alinieleza mwenyewe baadaye. Mimi na sikio langu tusihesabiwe, lakini Mwewa alilaza sikio sakafuni pale sebuleni, na mke wake aliyeleta chakula akalaza la kwake. Hawakusikia kitu. Mtu anaweza kulia humo siku nzima, huku juu watu wanakula nshima kwa amani.

Majirani hawajafurahi. Huku wamezoea mtu akijenga aende juu. Anayekwenda chini anafikiriwa vibaya. Sokoni wauza samaki wananyamaza nikipita, na mmoja aliniambia waziwazi, "Banasema we Mukongomani ulichimbaka kaburi mu nyumba." Mzee mmoja wa kanisa alikuja kuona kwa macho yake. Alishuka ngazi tatu, akasema ameona yatosha.

Sasa jambo moja, ndilo la maana. Mwewa anataka kuacha bomba la chuma kwenye dari, litoke mpaka nje kando ya jiko. Nimemwambia yaya amekataza. Amegoma. Anasema, "Awe, mukwai," yaani hapana bwana, "muntu anapumua. Uache bomba moja, ata ya kidogo." Ameliweka, nene kama mkono wa mtoto. Nimesimamisha kazi mpaka unijibu. Niliache au nilizibe?

Shemeji yako,
Kabamba

*

Lubumbashi, 29 Mei 1998

Shemeji Kabamba,

Salamu kwako na kwa Jessica. Samaki wamefika na nimewala bila kugawa. Kifua kimetulia, baridi bado haijaanza kuuma. Habari za mjini ni zile zile, bei juu, watu chini.

Vikasha vya mayai ni vya kuwekea mayai. Mwambie hivyo mtoto, na umwambie mama mkubwa hajakasirika.

Bomba, hapana. Shemeji, umejenga kuta mbili na milango miwili, halafu unataka kuacha tarumbeta darini? Kila jogoo wa Nchelenge ataingia kwa bomba hilo. Mwambie Mwewa nilikaa studio miaka ishirini na miwili, asubuhi mpaka jioni, na sikuona tundu lolote, na bado niko hapa nakula samaki wako. Watu wanane walikuwa wanaimba humo na kutoka jasho, hakuna aliyekufa. Ni mwashi mzuri, aendelee kuwa mwashi. Bomba lizibwe kwa saruji, si kwa matambara.

Na kitu kingine, utepe unaogopa unyevu kuliko unavyoogopa kelele. Ukikutana na chumba chenye majimaji utajikunja na kunata, hata hiyo mara moja hatuipati. Usiniandikie kwamba chumba kiko tayari kabla hujapitisha kiganja ukutani kikatoka kikavu.

Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilipoona umeanza kweli, nililia. Nilidhani utaandika barua mbili za kubembeleza halafu uache. Nimekuchukia muda mrefu, Kabamba, na imenichosha.

Yaya wako,
Agnès

*

Nchelenge, 28 Juni 1998

Kwa Yaya wangu Agnès,

Salamu nyingi kwa moyo wote. Barua yako nimeisoma mara nyingi, hasa ule mwisho, sitauzungumzia, nitauweka moyoni. Sisi tuko wazima. Baridi imeingia, upepo wa ziwani asubuhi unakata masikio, hata lile lisilofanya kazi.

Bomba nimeliziba. Nilichanganya saruji mwenyewe kwa sababu Mwewa alikataa. Alisimama akaniangalia mpaka nikamaliza, akakusanya vyombo vyake, akasema, "Miye sitaki kuitwa kama bantu banakuja kuuliza." Hajarudi. Mlango wa pili nimeuweka na fundi mwingine. Sasa ukifunga yote miwili unasikia damu yako kichwani. Hata mimi naisikia, Yaya, mimi ambaye sisikii kengele ya kanisa.

Shida ni ukuta. Ile chumvi ya Mgiriki imo ndani ya matofali na haitoki. Kila asubuhi ukuta wa chini unatoka jasho, ukilamba kidole unaonja. Nimepaka chokaa, imedondoka. Nikakumbuka wewe na kiganja chako kikavu, nikaona hapa ni kazi ninayoijua. Tangu utoto nakausha samaki. Tunashusha mbabula, lile jiko la bati lenye makaa, tunafunga milango ili joto lisipotee, tunaacha mpaka jioni. Usiogope, najua watu wanakufa kwa mbabula. Wale wanaingiza makaa yenye moshi halafu wanalala. Sisi tunayawasha nje mpaka yawe mekundu kabisa, hayana moshi hata kidogo, ndipo tunashuka nayo. Ukuta umeanza kukubali. Robo tatu ni mkavu.

Jessica ndiye mwenye kazi hiyo. Anashuka kugeuza makaa, wakati mwingine anakaa humo akiimba zoezi la kwaya, anasema sauti yake anaisikia vizuri kuliko mahali popote. Akipanda analalamika kichwa kinamuuma na miguu mizito. Nimemwambia ni gundi ya mikeka, itaisha harufu. Juzi paka wetu alifuata joto tukamkuta amelala ngazi ya chini, hatikisiki. Tulimmwagia maji akaamka, akatapika, sasa hata sebuleni haingii. Jessica alicheka sana. Mimi nilicheka kidogo.

Nikishuka peke yangu nakaa kwenye kiti nilichomwekea Emilienne, maana yake kiti kinachotazama spika, na usingizi unakuja mzuri sana, wa utotoni. Nadhani ni amani. Sijawahi kuwa na mahali pa kimya hivi.

Carlos anasema lori limeharibika, kwa hiyo barua hii nampa mama mmoja anayepitia Kilwa, bandari ya ziwani ya upande wenu, na mizigo yake. Itachelewa. Usingoje jibu jingine, ukiona Carlos mpe utepe.

Shemeji yako,
Kabamba

*

Lubumbashi, 27 Julai 1998

Shemeji wangu Kabamba,

Salamu za upendo. Carlos anasema uliniandikia Juni, barua hiyo sijaipata, lakini yeye amekuja na lori lake jipya lililo bovu kuliko la zamani, anasema chumba kimekwisha, amekiona kwa macho, na alipofungiwa humo alidhani amezikwa. Kwangu hiyo ni sifa. Kesho anaondoka, sitaki kumkosa.

Kwa hiyo huu hapa utepe. Uko katika kopo lake, nimefunga na kitambaa cha Emilienne cha kijani, kitambaa kibaki kwa Jessica. Usiuzungushe kwa majaribio. Weka kaseti mpya, bonyeza kaseti kwanza, kisha ndipo uanzishe manyeto, na msiseme neno mpaka mwisho.

Siku ile alikuwa na mimba ya miezi mitano, viatu vimembana, alivivua akaimba miguu mitupu. Kabla hajaanza utamsikia ananiuliza, "Yaya, nianze?" Nilitaka kulikata swali hilo, si sehemu ya wimbo. Nashukuru sikulikata.

Andika haraka uniambie mtoto amesema nini.

Yaya wako,
Agnès

*

Lubumbashi, 9 Agosti 1998

Kabamba,

Sisalimu. Soma hii kabla hujafanya jambo lolote, na kama mtu mwingine ameipokea amsomee sasa hivi.

Vita vimeanza tena huko Kivu, umesikia. Hapa umeme umekatika tangu Alhamisi. Jana nilikwenda kuwaona wenzangu wa zamani pale studio. Walikuwa wanarekodi tangazo kwa betri, wakaniomba niwasaidie, tukaingia watu watano tukafunga. Haikufika saa moja kichwa changu kikawa kizito. Nikadhani ni uzee. Halafu kijana aliyekuwa anasoma tangazo akaanza kurudia mstari uleule, akateleza kutoka kwenye kiti. Tulimburuta nje. Mlinzi, mzee ambaye alikuwa pale kabla yangu, akanigombeza kama mtoto. "Mama Agnès, klima haitembee. Muko munafungana humo, hewa inatoka wapi?"

Akanipandisha juu ya paa kunionyesha hiyo klima, mashine ya hewa baridi iliyolala bila umeme. Kuna bomba la bati, nene kuliko mwili wangu, linashuka ndani ya ukuta mpaka nyuma ya mikeka ya studio. Miaka ishirini na miwili lilikuwa linanipulizia hewa kichwani. Nilikuwa nalalamika baridi. Nilikuwa navaa sweta. Sikuuliza hata siku moja baridi ile inatoka wapi.

Mwewa ana haki. Mimi nilikosea.

Nimerudi nyumbani nimekuta barua yako ya Juni imesukumwa chini ya mlango. Nimesoma mbabula. Nimesoma paka. Nimesoma kichwa cha Jessica. Kabamba, makaa mekundu ndiyo mabaya zaidi, hayo yasiyo na moshi. Huku kila msimu wa baridi tunazika watu namna hiyo, nyumba nzima kwa mara moja. Huo usingizi wako si amani.

Fungua milango yote miwili na uiache wazi. Toa mbabula. Vunja saruji ya bomba, kama huna nyundo tumia jiwe. Jessica asishuke. Utepe uozee mbali, unanisikia? Mvua ikinyesha juu yake inyeshe.

Nimeandika nakala tatu. Moja kwa lori la Kilwa, moja kwa wanaopitia Kasenga, moja kwa mtu wa treni mpaka mpakani. Moja itafika.

Yaya wako,
Agnès

*

Nchelenge, Ijumaa 14 Agosti 1998

Kwa Yaya wangu mpendwa Agnès,

Salamu, salamu, salamu. Habari za afya yako tutauliza, lakini leo niruhusu nianze na yetu. Utepe umefika. Carlos aliingia jana saa tisa, amekonda, anasema askari wanasimamisha malori njiani na kuyapakua, yeye alipita kwa sababu kopo lako alilikalia. Anasema huenda hilo ndilo lori la mwisho kwa muda. Barua nyingine hakuna, ni ile iliyofungwa na kopo.

Jessica amekifunga kitambaa cha kijani kichwani na hakukivua hata kulala. Jana alikula na kopo mapajani. Nilipomsomea habari ya viatu aliomba nisome tena, halafu akaniambia, "Papa, na mimi naimbaka bila viatu." Sikujua. Nimemlea miaka kumi na minane na jambo hilo sikulijua.

Tutasikiliza Jumapili, tukitoka kanisani. Nataka tuvae nguo nzuri. Pia ukuta, kona moja ya nyuma bado ina unyevu, na wewe ulisema kiganja kitoke kikavu, sitaki kukosea mwishoni. Tangu leo asubuhi nimeshusha mbabula mbili badala ya moja. Mpaka Jumapili kutakuwa kukavu kama kiberiti.

Mimi kesho alfajiri nakwenda Mununga kuchukua mzigo wa chisense, dagaa wetu wa huku, nitarudi Jumapili kabla ya ibada. Nimemwambia Jessica asiguse utepe mpaka nirudi, kazi yake ni makaa tu. Amesema ndiyo Papa. Alikuwa anaangalia sakafu. Nimemwambia mara ya pili, akasema ndiyo mara ya pili. Ni mtoto mzuri, na amengoja maisha yake yote, siku mbili ataziweza.

Mashua ya Patson inaondoka kwenda Kilwa jioni hii, nampa barua. Yaya, kama huko upande wenu hali inachafuka, usikae. Njoo kwetu. Kuna chumba, na sikio langu moja bado linaweza kusikia ukinigombeza.

Shemeji yako mwenye furaha,
Kabamba

*

Nchelenge, 18 Agosti 1998

Yaya Agnès,

Salamu.

Jessica anaumwa kidogo. Ukipata njia, njoo.

Kabamba

*

Lubumbashi, 11 Septemba 1998

Shemeji wangu,

Barua zako mbili zimefika leo kwa pamoja, mkononi mwa Carlos, hata ile uliyompa Patson, ambayo ilikuwa imelala Kilwa. Nilimwekea chakula hakula. Alisema ana haraka. Hakuniangalia usoni, akasahau hata kofia yake juu ya kiti. Nilianza na ile ndefu kwa sababu ilikuwa nene. Nilisoma kitambaa, nilisoma viatu, nikafika Jumapili, na nilikuwa bado najiambia nakala moja imewahi. Halafu nikafungua ile nyembamba.

Anaumwa kidogo. Mimi mwenyewe niliandika maneno hayohayo kwa mama yetu, siku uliponitumia habari za Emilienne. Sisi kifo hatukiandiki kwenye karatasi. Tunaandika anaumwa kidogo, njoo, ili mtu afike kwa miguu yake ndipo aambiwe. Mama alisoma, akakunja karatasi, akaanza kutafuta kanga nyeusi bila kuuliza kitu. Nilidhani nimemficha vizuri. Leo nimefanya vilevile alivyofanya.

Nakala mbili za barua yangu ya Agosti zimenirudia. Lori la Kilwa liligeuzwa njiani, na yule wa Kasenga hakupata mashua. Ya tatu sijui ilipo. Kama itakufikia sasa, usiifungue. Au ifungue, ni haki yako. Ndani yake nimekuambia utoe mbabula na uvunje saruji, na tarehe iliyo juu ni siku sita kabla ya ile Jumamosi uliyomwacha peke yake. Sitaki uipate kwa mtu mwingine ukadhani niliificha.

Sijui alishuka kwa ajili ya makaa au kwa ajili ya utepe. Kama alibonyeza kaseti kwanza, kama nilivyoagiza, basi ipo kaseti, usiisikilize peke yako. Ningoje, au iteketeze, nitakubali lolote.

Carlos nilimshika mkono akiwa mlangoni, nikamlazimisha aniambie kitu kimoja tu, watu wa Nchelenge wanasemaje. Alikataa, kisha akasema wanasema ulichimba shimo lile kwa ajili ya mtoto wako. Anasema wameacha kununua samaki kwako, na kwamba uliitwa ukaulizwa maswali, na ulipoulizwa nani alikuambia uzibe bomba ulinyamaza.

Kabamba, kwa nini ulinyamaza? Barua yangu unayo. Imeandikwa kwa mkono wangu, saruji, si matambara. Ulikuwa na haki ya kuitoa mfukoni na kuwaonyesha. Miaka kumi na minane iliyopita nilikuambia mbele ya watu jambo ambalo halikuwa kweli ukanyamaza, na sasa kuna jambo la kweli juu yangu, na umenyamaza tena. Mimi siwezi kuubeba ukimya huo.

Kesho kutwa kuna watu wanaokwenda kwa miguu na baiskeli kupitia Kasenga, nakwenda nao. Kifua kitavumilia au hakitavumilia. Nikivuka sitakuja kwanza nyumbani kwako. Nitapitia sokoni, pale wanaponyamaza ukipita, kisha kwa huyo mzee wa kanisa, kisha Kabuta kwa Mwewa. Nitawaambia jina langu, na nitawaambia bomba lilikuwepo na ni nani aliyesema lizibwe. Baada ya hapo ndipo nitakuja kwako, na kama mlango utakuwa umefungwa nitakaa nje.

Mama mkubwa wa Jessica,
Agnès